Plaiwudi za Mwaka Jana

Kivuko cha kwenda kisiwa cha Vieques, Puerto Rico, kilibeba mbao nyingi kuliko watu, kama kila Juni msimu wa vimbunga unapobisha hodi. Nereida alizibana kwa magoti plaiwudi zake mbili za kuzibia madirisha, akajifanya amesinzia, masikio yakiwa kazini.

"Mwaka jana hukununua?" mzee mmoja mwenye kofia ya ukindu alimwuliza mama asiyemjua, aliyekumbatia mbao tatu.

"Nilinunua. Sasa ni banda, kuku wangu wanalala ndani yake."

"Basi kimbunga kikija kuku watasalimika, wewe utapeperuka."

"Na zako ziko wapi, bwana mjuaji?"

Mzee alikuna kidevu. "Zimekuwa meza, tunachezea dhumna juu yake. Lakini kila ubao nimeuandika dirisha lake. Siku ikifika nang'oa miguu tu."

"Na upepo utausihi usubiri mmalize mchezo?"

"Dada, kile cha mwisho kiliniachia sakafu na choo. Unadhani nimesahau?"

"Hata mimi sijasahau, baba. Kiliondoka na paa langu lote. Ndiyo maana nakushangaa wewe, na najishangaa mwenyewe."

Abiria waliangua kicheko, Nereida akiwapita wote kwa sauti, mpaka yule mama akamgeukia.

"Na wewe unayecheka, za kwako za mwaka jana ziko wapi?"

Kabla hajajibu, kivuko kiligusa gati. Pale mbele zilisimama mbao za mwaka jana za madirisha ya Nereida, zimeandikwa kwa rangi nyekundu kwa mkono wake mwenyewe, yeye mwenyekiti wa kamati ya maafa ya kisiwa: JIRANI, UMEJIANDAA?