Tofali la Mama Kwenye Foleni ya Sukari

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena kwa ajili ya wale wa mabenchi ya nyuma walioguna waliponiona nasimama. Najua mnaogopa. Mara ya mwisho niliitwa hapa mbele kwa sababu ya chura niliyemtia kwenye kapu la sadaka. Leo sina chura. Mifuko hii hapa, tazameni.

Mimi ni Tito, kidato cha pili, wa hapa hapa Kariakoo. Mnanijua kwa mizaha. Msichojua ni kwamba mizaha ilikuwa kifungo changu.

Mama alipofariki, mwanzoni mwa masika, sikulia. Watu wameinama kaburini, mimi nikasema kwa sauti, "Mama atalalamika, chumba hakina dirisha." Ndugu zangu! Tangu siku ile baba akawa hanisemeshi ila "kula" na "lala". Mtaani wakasema mtoto huyu ana moyo wa jiwe. Nami nikaamini.

Shuleni akaja mwalimu wa mazoezi ya kufundisha, Mwalimu Anna, anayesomea saikolojia, elimu ya akili na hisia za mtu. Nikanyoosha mkono: "Mwalimu, hiyo saikolojia inaweza kueleza kwa nini mwalimu mkuu hununa kila Jumatatu?" Darasa zima likacheka. Yeye akajibu taratibu, "Labda. Ila kwanza ieleze kwa nini Tito huchekesha zaidi kila Alhamisi."

Nilichukia kwamba ameona.

Alhamisi ndiyo siku ya mgao wa sukari kwenye duka letu la ushirika. Wenyewe mnajua: mtu haungui na jua bure, anaweka kopo lake, jiwe lake au kandambili kushika nafasi, na foleni ikienda anasogeza kitu chake. Mama alikuwa na kipande cha tofali, amekipaka rangi ya bluu iliyobaki tulipopaka mlango. Alipofariki nikakataa katakata kwenda foleni. Nikasema hiyo kazi ya wanawake. Uongo mtupu! Niliogopa kupaona pale aliposimama.

Basi Alhamisi moja natoka shule, jua la utosi, watu wamejibanza barazani. Shetani akaniambia... hapana, nisimsingizie, nilijiambia mwenyewe: vuruga! Nikapita nimeinama, kopo nikalitupa huku, jiwe kule, mbio mbio, bila hata kutazama ninachoshika. Kisha nikajificha nicheke.

Duka likafunguliwa. Kelele!

"Kopo langu lilikuwa la tatu!"

"La tatu kwa nani, we mama? Usituletee!"

Mama Zuhura, jirani yetu wa mlango wa pili, peke yake hakugombea nafasi. Alikuwa amepiga magoti mchangani. "Jamani, tofali la Mama Tito liko wapi?"

Nikajitokeza na mzaha wangu. "Mama Zuhura, kwani marehemu anakunywa chai?"

Akainua uso. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniua.

"Mwanangu, sukari ya uji wenu unadhani inaletwa na nani? Baba yako yuko bandarini tangu alfajiri. Nikisogeza kopo langu, nasogeza na tofali la mama yako. Na hawa wote wanaona. Hakuna hata mmoja aliyesema marehemu atoke kwenye foleni."

Nililikuta mtaroni, nilikolitupa kwa mkono wangu. Nikalifuta kwa shati la shule. Nikataka kusema kitu cha kuchekesha, mdomo ukafunguka, kikatoka kilio. Ndugu zangu, nililia mpaka wale walioniita moyo wa jiwe wakanishika mabega!

Kesho yake nikamweleza Mwalimu Anna. Akasema, "Mwenye moyo wa jiwe hana haja ya kuchekesha, Tito. Kilio chako kilikosa mlango, kikatokea dirishani." Lakini jioni ya Alhamisi ile ile baba alikuwa amenikuta jikoni macho yamevimba, tofali mapajani. Hakuuliza. Alikaa chini, akaigusa ile rangi, na tukalia wote wawili. Kisha akaniambia maneno mengi kuliko ya miezi yote ile. La kwanza: "Kweli, angelalamika kuhusu dirisha."

Asante Bwana, uliyenifungua kwa kipande cha tofali! Asante Mama Zuhura, ambaye leo hayupo hapa, ana sala zake msikitini, lakini Mungu anamjua.

Nawe unayecheka sana kwa sababu unaogopa kunyamaza, mtumaini Bwana, hakukatazi kulia. Kama huna pa kuanzia, njoo Alhamisi. Tofali la bluu ninalisogeza mimi sasa, na kopo la Mama Zuhura pia. Simama nyuma yetu. Sitavuruga.