Bi Kiraka Alikufa Mara Moja

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliotoka kazini kwake: vijitabu mlivyopewa mlangoni viwekeni kwanza mapajani. Ndivyo anavyoomba dada mdogo wa marehemu, fundi cherehani, aliyepewa jukumu la kusoma wasifu huu. Ukurasa wa nne una kiraka cha karatasi nyeupe, na gundi yake bado mbichi. Sababu yake itafika mahali pake, kwa kuwa marehemu hakuvumilia habari inayoanzia katikati.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake, fundi viatu, mtaa wa pili kutoka kiwanda cha sabuni. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Baba yao alifungia viatu vya wateja katika magazeti makuukuu, na humo ndani mlikuwa na hadithi za picha zilizoendelea wiki hadi wiki. Mteja akija kuchukua viatu vyake, anaondoka na sehemu ya tatu. Sehemu ya pili ilishaondoka na raba za mtu mwingine. Mtoto alibaki na ya kwanza na ya nne, amekaa chini ya meza ya gundi akijiuliza jambazi aliyefungwa kamba wiki ile amepandaje farasi wiki hii. Baba yao alikuwa akisema kwamba binti yake mkubwa hakulilia maziwa, alililia sehemu ya pili.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza sekondari mwaka 1978. Alifaulu vizuri, ila walimu walimwona mzigo. Alipokuwa kidato cha pili alinyoosha mkono kumwambia mwalimu wa historia kwamba mfalme aliyekufa ukurasa wa 31 anatia saini mkataba ukurasa wa 40. Mwalimu akamwambia, "Toka nje." Akatoka na kitabu. Baada ya dakika kumi akachungulia dirishani: "Samahani mwalimu, ukurasa wa 52 anaoa." Wazazi waliitwa shuleni. Baba yao alikisoma kitabu kile akiwa amesimama, akacheka mpaka akakosa adabu mbele ya mkuu wa shule.

Januari 1980 kilianza kutoka kitabu cha picha cha kila mwezi, habari za roboti aitwaye Bati, fundi wa pampu za maji anayemlea msichana yatima. Katika toleo la 9, Bati alikatika mkono wa kushoto akimtoa msichana huyo kwenye mashine ya kusaga mawe. Watoto walilia, na watu wazima walilia kwa kujificha. Katika toleo la 12, Bati huyo huyo akamkumbatia kwa mikono miwili, kama vile hakuna kilichotokea. Marehemu, ambaye wakati huo alikuwa karani wa ghala la rangi, aliandika barua ya kurasa sita. "Kama mkono umerudi," aliandika, "nirudishieni na machozi yangu."

Wale wa ofisi ya kitabu hicho walimwita ili wamwone na kumcheka. Wakaishia kumwajiri, tarehe 2 Machi 1981, na akakaa kwenye meza ile ile, iliyo karibu na mlango wa choo, kwa zaidi ya miaka arobaini. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kilichovunjika kinabaki kimevunjika. Aliandika kila mkwaruzo wa Bati katika madaftari ya jalada gumu, arobaini na sita kwa jumla. Akikuta kosa kwenye mchoro, hakumpigia mtu kelele. Alikata karatasi nyeupe, akaibandika juu ya picha yenye kosa, akaurudisha ukurasa kwa mchoraji achore upya. Ndiyo maana kazini walimwita Bi Kiraka. Mwanzoni lilikuwa jina la kejeli, baadaye wachoraji wapya waliambiwa na wenzao, "Bi Kiraka akipitisha, lala usingizi."

Wasomaji nao walijifunza ukali wake. Kila mwezi walimtumia mafumbo: mbona taa ya Bati ni ya kijani, mwezi uliopita ilikuwa ya njano? Katika toleo la 118, kutu ya shavu la kulia ilionekana shavu la kushoto, na barua zikamiminika. Toleo lililofuata akaagiza kichorwe kioo cha kinyozi, ikawa Bati tulikuwa tukimwona kwenye kioo muda wote. Wasomaji walishangilia. Yeye alijichukia mwezi mzima. "Nimewadanganya kwa ustadi," alimwambia dada yake, huku akisugua masufuria kama yamemkosea. Mwezi uliofuata alikiri kwenye ukurasa wa barua kwamba kutu ilikosewa na kioo kilikuwa ujanja. Hakuna aliyemwomba akiri.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na fundi wa mtambo wa chapa wa kampuni hiyo hiyo, mwanamume mpole ambaye mpaka leo kucha zake zina wino. Walijaliwa binti na mwana. Kukaa naye kulitaka moyo. Mwanawe alikiri kwamba hakuwahi kufanikiwa kudanganya alikochelewa, maana mama alikumbuka sababu za mwaka juzi. Dada yake naye, ambaye kusimulia bila kuongeza chumvi humwia vigumu, alizoea kukatizwa sebuleni mbele ya wageni: "Mdogo wangu, mwaka jana hilo gauni lilichanika baada ya picha. Leo limechanika kabla. Chagua." Kwa hiyo wasifu huu umepitiwa mara tatu.

Agosti 2023 figo zake zilianza kushindwa. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na siku nyingine alifanya kazi nyumbani, kurasa zikiletwa katika bahasha. Februari mwaka huu kampuni ilitangaza kwamba Bati atafikia mwisho mwezi Desemba, katika toleo la 552. Marehemu alikuwa ameuandika mwisho huo katika daftari la 46, na mchoraji alikuwa ameukubali. Ndipo ofisi ilipoamua kutoa miisho minne, kila mmoja na jalada lake, ili mtoto asiridhike mpaka aipate yote minne. Katika wa kwanza Bati anakufa. Katika wa pili anarukia nyotani. Katika wa tatu anaamka, kumbe yote ilikuwa ndoto. Katika wa nne anaoa, na mkono wa kushoto umechipua.

Marehemu alipozisoma kurasa hizo na kufika kwenye mkono huo, alizifunika kwa sahani. Dada yake alidhani ni ugonjwa unaompa kichefuchefu, akamletea beseni.

"Beseni la nini? Wapelekee wao," alisema. "Mtu akiwa na miisho minne, hajafa. Na kama hajafa, yule mtoto wa toleo la tisa tulimliza kwa nini?"

Ijumaa, tarehe 5 Septemba, mhariri mkuu alimfuata wodini. Alitaka saini yake chini ya barua kwa wasomaji, inayosema kwamba Bi Kiraka ameipitisha miisho yote minne. Dada yake alikuwapo, akikunja shuka.

"Mama, ni saini tu," alisema mhariri. "Wasomaji wanakuamini wewe."

"Ndiyo maana siitoi."

"Basi tuandike kwamba hukupinga."

Marehemu akamgeukia dada yake. "Mdogo wangu, nifungulie dirisha. Kuna kitu kinanuka humu."

Alifariki Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa nne na robo asubuhi, kitanda cha pembeni karibu na dirisha, mumewe akiwa amemshika mkono. Hakusema maneno makubwa. Aliuliza kama chai imepoa. Ilikuwa imepoa.

Sasa kuhusu kiraka. Kampuni ilijitolea kuvichapa vijitabu hivi, na familia ikashukuru. Viliwasili leo saa moja asubuhi. Mumewe alikifungua kimoja, akapitisha kidole ukurasa wa nne, akasema, "Shemeji, herufi za aya hii si sawa na za aya nyingine." Jicho la fundi wa chapa halizeeki. Aya ya kifo ilikuwa imetolewa na kuwekwa nyingine: kwamba marehemu alifariki mezani pake, kalamu mkononi, akiwa amekwisha kuibariki miisho yote minne. Hata maiti wamemchora upya. Dada yake ameshona sanda na magauni ya harusi kwa miaka thelathini, ameona watu wakigombea vitanda vya marehemu, lakini kinyaa cha leo hajawahi kukionja. Mkasi ukatolewa. Watoto, wajukuu na majirani wakakata karatasi, wakabandika vijitabu mia mbili na kumi, na juu ya kila kiraka wakaandika kwa mkono: "Alikataa. Alifia kitandani, saa nne na robo." Mwandiko unatofautiana, habari ni moja.

Mhariri mkuu yupo nasi, mstari wa tatu. Akae. Msiba haumfukuzi mtu, na kuna jambo inafaa alisikie akiwa ameketi. Daftari la 46 liko hapa, mkononi mwa dada wa marehemu, na ukurasa wa mwisho unasema hivi: "Bati anatengeneza pampu ya shule. Msichana, sasa mama wa watoto wawili, anamshikia taa. Taa ya kifuani mwake inafifia, inazimika. Bisibisi imebaki katika mkono wa kulia, kwa kuwa wa kushoto hana. Msichana anaichukua na kumalizia nati ya mwisho. Maji yanatoka. Mwisho." Ni huo tu. Mmeusikia watu mia mbili na kumi, na Desemba mkiulizwa na watoto, mnajua la kuwajibu.

Marehemu ameacha mume ambaye ni fundi wa mtambo wa chapa, binti ambaye ni muuguzi, mwana ambaye ni dereva wa lori, wajukuu watatu, na dada mmoja, ambaye tangu Jumanne amesimulia kifo hiki mara nyingi sana, na kila mara chai ilikuwa imepoa.

Bi Kiraka amekufa mara moja, dada yetu. Apumzike kwa amani, na asichorwe tena.