Joakim Ngeleja Anaegesha Lori la Klabu

Ndugu Joakim Ngeleja, dereva wa lori la Klabu ya Huduma ya Wafanyabiashara wa Bariadi, anastaafu tarehe 30 Juni 2001, baada ya kushika usukani kwa miaka ishirini na saba. Ningependa kuandika kwamba tunamuaga kwa furaha tupu. Tunamuaga kwa majuto, na yeye mwenyewe anajua sababu.

Alianza mwaka 1974, kijana wa Ngulyati mwenye leseni mpya na suruali ya kuazima, akisomba pamba kwa lori la chama cha ushirika. Biashara ilipofunguliwa na chama kikaelemewa, lori lile lilinunuliwa na watu wawili kwa pamoja: Mzee Faki, mwenye duka la jumla hapa mjini, na Mzee Selestini Bundala, mnunuzi wa pamba wa Kasoli. Joakim hupenda kusema kwamba yeye aliuzwa pamoja na lori, kama tairi la spea.

Wenye lori hawakuwa marafiki. Bundala alimwona Faki mjanja wa mjini. Faki alimwona Bundala mshamba mwenye hela. Joakim alikuwa na dawa yao. Aliwakalisha wote wawili mbele, na wakinuniana alitangaza kwamba njia ya kawaida imeharibika, akazungukia Lagangabilili. Masika moja lori likazama kwenye tope jeusi la mbuga. Faki alishuka na kanzu yake nyeupe, Bundala na suti yake ya kanisani, wakasukuma mpaka haikujulikana yupi ni yupi. Wakati wanasubiri trekta la kuwavuta walianza kuchekana, na kicheko kikaleta mazungumzo. Hapo hapo walikubaliana kwamba kila Jumamosi lori litafanya kazi za jamii bila malipo, na klabu yetu ikazaliwa.

Tangu hapo Joakim amebeba mchanga, mawe na maji ya kujengea madarasa na zahanati. Kuna vijiji viwili, ambavyo sivitaji kwa sababu wenyewe wanajijua, vilivyokuwa havipeani hata maji ya kunywa kutokana na ugomvi wa ng'ombe walioibwa. Joakim aliwapakia vijana wa kijiji kimoja wakachimbe msingi wa darasa la kingine, na Jumamosi iliyofuata akageuza. Hakumhutubia mtu. Aliwaambia tu kwamba lori halirudi mpaka msingi uishe. Leo vijiji hivyo vinaoana, na Joakim anaalikwa harusi zote na kula kwa pande zote mbili.

Kisha, mwaka 1998, Faki naye aliingia kwenye pamba, akafungua kituo cha kununulia pale Kasoli, mkabala kabisa na cha Bundala. Ilikuwa haki yake, soko ni huria. Lakini Bundala aliona amegeukwa, na wapambe wa pande zote wakashikana mashati mbele ya wakulima. Tangu siku hiyo wazee wetu hawasemezani. Kila mmoja amenunua pikapu yake, na Jumamosi lori la klabu linashinda limeegeshwa.

Joakim hakukubali. Alianza kuwapelekea salamu ambazo hakuna aliyezituma. Siku moja alimfikishia Bundala salamu za Faki, Bundala akamuuliza kaziokota wapi, maana Faki yuko Mwanza wiki nzima. “Aliziacha, bhabha,” Joakim akajibu bila kupepesa macho. Tulicheka sana. Tungemsaidia ingekuwa bora zaidi.

Kamati ilipomuuliza anataka zawadi gani, hakutaka redio wala godoro. Aliomba ng'ombe mmoja, mtamba, wa kwenda naye Ngulyati, lakini awe amenunuliwa na Faki na Bundala kwa pamoja. Tulikwenda kwa Faki. Alifurahi, akasema Joakim anastahili mtamba bora kuliko wote mnadani, na atamnunua yeye mwenyewe, peke yake. Kwa Bundala tulijibiwa hivyo hivyo, karibu neno kwa neno. Tulibembeleza, tukatuma shehe, tukatuma padri. Hakuna aliyelegea.

Basi kwenye sherehe hii ya kumuaga, mbele ya mke wake Mama Milembe na wanawe, Joakim atakabidhiwa mitamba wawili. Wote wazuri, wote wamenona, na wafadhili wao watakaa kila mmoja upande wake wa turubai.

Wabeja sana, Joakim, kwa barabara zote ulizotupitisha, hata zile ambazo hazikuwa na ulazima. Tunakuombea mvua za wakati, afya, na zizi linaloongezeka, wewe na Mama Milembe mle uzee wenu kwa amani. Na kwa huyo mtamba wa pili, tusamehe.