Watu Kumi na Mmoja wa Kitanuma

Mgeni rasmi, Bwana Inagaki, Mkuu wa Takwimu wa mji wetu wa Kitanuma. Wazazi mliofika, na majirani:

Karibu katika chumba hiki kilicho juu ya duka la tofu. Utuwie radhi kwa ngazi zile, na kwa chai iliyopoa. Tuliimimina mapema mno kwa wasiwasi.

HISTORIA

Sisi ni watu tusiojiona kuwa wanaume wala wanawake. Tulianza watatu, miaka sita iliyopita. Aliyetukusanya ni mwenyekiti wetu Chihaya Nomura, fundi miwani, na ndiye angekusomea haya. Alifariki mwezi Februari kwa ugonjwa wa moyo. Ninasoma kwa niaba yake, na sauti yangu ni ndogo.

MAFANIKIO

Baada ya kuomba kwa miaka minne, dodoso la mji la mwaka jana liliwekewa kisanduku cha tatu cha jinsia. Siku tulipojulishwa, Chihaya alituletea mikate ya maharage matamu, akala mitatu peke yake.

CHANGAMOTO

Matokeo ya awali yanasema tuko kumi na mmoja mji mzima. Mgeni rasmi, wanaopanda ngazi hizi tu ni thelathini na wanne. Hatusemi maafisa wako hawajui kuhesabu. Bahasha ilikuwa moja kwa kila kaya, na mkuu wa kaya ndiye aliyejaza. Mmoja wetu alijaziwa na babu yake. Mwingine aliogopa kumwomba mumewe kalamu. Jioni ya tarehe mosi Oktoba, Chihaya alirudi kutoka kazini akakuta bahasha imeshafungwa.

"Mama, umeniweka wapi?"

"Nimekuweka palepale ulipozaliwa. Kula, supu inapoa."

"Si ungeniuliza tu?"

"We naye. Nikuulize, mtu niliyekuzaa mwenyewe?"

Alitusimulia, nasi tukamtania: "Kumbe hata mwenyekiti hayumo." Akasema atakwenda kurekebisha akipata nafuu.

Idadi itathibitishwa Ijumaa. Isipofika ishirini, chumba cha ushauri katika zahanati ya mji kitafungwa. Baadhi yetu hawana mahali pengine pa kusema. Tunaogopa, na hatutaki kukuficha.

MAOMBI

Tunaomba kila mtu mzima apewe bahasha yake. Tunaomba pia Ijumaa iandikwe wazi kwamba kumi na mmoja ni makadirio, na kwamba wengi hawakujaza wenyewe.

Ombi la mwisho ni dogo, ila kulisoma ni kazi. Aliyekaa karibu na mlango ni Bi Nomura, mama yake Chihaya. Ameshika nakala ya dodoso la nyumbani kwake. Jibu lake la kwanza amelikata kwa mistari miwili na kuligongea muhuri wa familia, kama tunavyosahihisha hati zote hapa, kisha akatia alama kwenye kisanduku cha tatu. Karani wa dirishani ofisini kwako alimwambia wafu hawahesabiwi.

Tunaomba uipokee nakala hiyo kwa mikono yako. Dodoso liliuliza nani waliokuwamo nyumbani tarehe mosi Oktoba. Tarehe mosi Oktoba Chihaya alikuwa hai, na supu aliimaliza.

Tunakutakia afya njema, wewe na wote wanaokungoja nyumbani.

Ni sisi,
Kikundi cha Ghorofa ya Pili, Kitanuma