Geti la Macho Mapya

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, nje ya karakana ya Cheche, fundi wa kuchomelea mageti, na wanaolikalia ni walewale. Kuna Posta, aliyesambaza barua za watu miaka thelathini na sasa anasambaza maoni yake bila stempu. Kuna Soli, fundi viatu, ambaye hukubaliana na yeyote aliyesema mwisho. Na kuna Bi Birika, muuza kahawa, asiyemkaribisha mtu wala kumfukuza, anamimina tu. Asubuhi hiyo Cheche alikuwa ameinama kama mtu aliyefiwa. Sakafuni mbele yake, pale anapochora geti zima kwa chaki kabla hajakata chuma, hapakuwa na hata mstari mmoja.

— Anakuja saa tatu, alisema Cheche. Na sina kitu.

— Nani? akauliza Posta.

— Yule mama wa mtoto wa jicho. Miaka sita haoni, juzi ndiyo wamemfungua bandeji. Kijana wake kaniambia, mama anataka geti la kutazama, siyo la kufunga tu. Akikuta sina mchoro, wanakwenda kwa yule fundi wa barabara ya pili.

— Mtu hajaona kitu miaka sita! Mpe ua lako lilelile. Kwake ni jipya.

— Jipya kabisa, akasema Soli.

Ua ndilo lililokuwa limemkaba Cheche. Alilibuni ujanani, ua la petali nane na bua la kujisokota, akamaliza kulichora akicheka peke yake kama mwehu. Tangu hapo amelichomelea mtaa mzima. Wiki iliyopita aligonga geti la jirani kwa muda mrefu akidhani ni lake, akimfokea mkewe afungue, mpaka jirani akatoka na taulo. Watu walicheka, naye akacheka nao, kisha akaenda kukaa kitandani bila hata kuvua viatu. Kazi ya yule mama aliitaka, ndiyo. Ila kilichomtisha ni kwamba kile kicheko cha ujanani huenda kilikuja mara moja tu, kikaondoka bila kuacha anwani.

— Siku uliyobuni lile ua, akauliza Posta, ulikuwa umekula nini?

— Maharage.

— Kidogo au sana?

— Sahani mbili.

— Basi ni maharage.

— Ni maharage hayo, akasema Soli.

— Wajukuu zangu wanakula maharage kila siku, akasema Bi Birika. Hakuna aliyebuni hata namna ya kufunga vifungo vyake.

Soli akafikiri, jambo ambalo huwa linamchosha.

— Basi ni meno. Yale ya utotoni. Mtoto akiwa nayo anashangaa kila kitu, hata jongoo. Yakishang'oka anaanza kununa. Mshangao unatoka na meno.

— Na wazee vibogoyo je? akauliza Bi Birika.

— Hao ndio wameisha kabisa.

— Acheni upuuzi, akasema Posta. Ni kimo. Mtoto anaitazama dunia kutoka chini. Meza kwake ni paa la nyumba. Sisi tunaona utosi wa kila kitu, na utosi haujawahi kumshangaza mtu. Cheche, shuka.

— Nishuke wapi?

— Chini. Magoti na mikono.

— Nina miaka hamsini na miwili, bwana.

— Ndio ugonjwa wenyewe huo.

Bi Birika akavuta birika lake kando.

— Shuka, baba, tukuone. Usinipige teke tu.

Cheche akashuka. Alikuwa amefika pale pa kukubali lolote. Akatambaa, akaingiza kichwa chini ya benchi.

— Unaona nini?

— Viatu vya Soli.

— Vikoje?

— Vimetoboka. Vyote viwili.

— Hivyo ni vya kazini! akafoka Soli, akificha miguu.

— Fundi wa mageti ni yupi? ikauliza sauti ya mwanamke.

— Huyo anayetambaa, akajibu Bi Birika.

Cheche akatoa kichwa, vumbi mpaka kwenye nyusi, ameshapanga visingizio vitatu. Lakini yule mama hakuwa akimtazama. Alikuwa amevua miwani yake myeusi ya hospitali, bila shaka kinyume na alivyoagizwa, na macho yake yalikuwa ukutani, nyuma ya benchi, ambapo jua lilikuwa limewabandika wote kwenye chokaa.

— Samahanini, akasema. Vivuli vyenu vimekuwa vya bluu tangu lini?

— Kivuli ni cheusi, mama, akasema Posta.

— Tazameni.

Wakageuka. Kofia ya Posta, masikio ya Soli, birika na mdomo wake, vyote vilikuwa vya bluu. Bluu nyepesi, kama maji kwenye beseni jeupe. Weusi haukuwapo hata kwa dawa. Soli akainua mkono, na mkono wa bluu ukainuka. Bi Birika, ambaye hakushangaa hata siku alipojifungua pacha, alisahau kifuniko mkononi.

— Tangu lini? akauliza tena yule mama, kwa sauti ndogo. Au ni macho yangu?

— Siyo macho yako, akasema Cheche.

Miaka yote wameuegemea ukuta ule.

Cheche akashusha macho kutoka ukutani hadi ardhini. Kumbe kila geti alilotengeneza lilikuwa na la pili, limelala chini, la bluu, jua likilitembeza uani kutwa nzima, likilirefusha, likilipinda, na yeye hakuwahi kulitazama hata moja.

— Mama, akasema, bado yuko magotini. Asubuhi jua linaingia uani kwako kwa upande gani?

— Sijui, baba. Nilihamia pale nikiwa sioni, uani kwangu nakujua kwa miguu tu.

— Basi twende tukaangalie.

Wakaondoka polepole, wote wawili wameinamia ardhi kama watu waliodondosha pete. Benchini hakuna aliyeomba kahawa. Soli alikuwa bado ameinua mkono.

— Ushushe sasa, akasema Posta.

— Ngoja kidogo.