Haji Muhayar bin Nisan, Aliyehamishwa na Jakarta Maisha Yake Yote

Bismillahi. Ndugu waombolezaji, majirani wa Cipayung, na nyote mliokwama kwenye foleni na bado mkafika, mimi ni Rojali, shemeji wa marehemu, mdogo wake Hindun mkewe, na watoto wameniomba niwasomee maisha ya mzee wetu kabla hatujambeba. Mtanisamehe sauti ikikatika, maana jana jioni alikuwa akinitania kwa simu, leo mchana amelala mbele yangu kwenye sanda, na akili yangu bado imegoma kukubali.

Haji Muhayar alizaliwa tarehe 4 Mei 1947 huko Senayan, siku ambazo Waholanzi walikuwa wamerudi na kuuita mji Batavia kana kwamba hakuna uhuru uliotangazwa, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Nisan, mkulima wa mapapai na mashokishoki. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1954, na mwaka 1960, serikali ilipotaka kujenga uwanja mkubwa wa michezo, kijiji kizima kikaambiwa kifungashe virago, familia ikapelekwa Tebet, ambako hapakuwa na hata mti wa kufungia mbuzi. Mama yake alilia njia nzima, na kijana huyu wa miaka kumi na mitatu akamwambia, "Mji unanenepa, Mama, tusogee kidogo," maneno ambayo alikuja kuyarudia mpaka yakatuchosha.

Mwaka 1965 alipata kibarua cha lami, akapandishwa kuwa msimamizi wa genge, na kuanzia 1974 hadi 1978 alikuwa miongoni mwa waliojenga barabara ya kwanza ya kulipia, ile ya kwenda Bogor. Alimuoa dada yangu tarehe 10 Oktoba 1971 nyumbani kwetu Kuningan, tulikofuga ng'ombe wa maziwa, akaja na mkate wa umbo la mamba, kama ilivyo desturi yetu sisi Wabetawi, wenyeji wa mji huu, kwa kuwa mamba hashiki mwenza wa pili, na mkate wenyewe ulikuwa mkubwa hata mlango ukawa mwembamba, ikabidi upitishwe dirishani. Walijaliwa watoto watatu, Marhamah mwaka 1973, Saeful 1976 na Jumroh 1981.

Mwaka 1988 wenye maghorofa waliitaka Kuningan, ng'ombe wakauzwa, marehemu na dada yangu, waliokuwa wakiishi nasi, wakahamia Duren Sawit, na mwaka 2005 mfereji wa kuzuia mafuriko ukapita katikati ya sebule yao, wakaja hapa Cipayung. Treni ya chini ya ardhi ilipofunguliwa Machi 2019, alishuka Senayan, akasimama katikati ya watu wanaokimbilia kazini, akaniambia, "Shemeji, jiko la mama lilikuwa juu ya kichwa chako hapo," akacheka peke yake. Tuliposikia serikali inauhamishia mji mkuu Kalimantan kwa sababu huu unazama, alipiga goti kofi, "Safari hii unahama wenyewe!"

Dada yangu alifariki tarehe 2 Februari 2016, akazikwa kwenye makaburi ya mtaa wetu wa zamani, na tangu siku hiyo marehemu alikuwa na ombi moja tu, nanyi mmelisikia kwenye kila kisomo, kwamba azikwe kaburi lile lile, juu ya mkewe, kama inavyoruhusiwa katika mji huu usio na nafasi. "Miaka yote amenikalia kichwani," alikuwa akisema, "sasa zamu yangu kuwa juu." Magoti yalipomkatalia mwaka 2021, aliwatuma watoto wakazuru kabla ya kila Ramadhani, na waliporudi aliwauliza, "Mama yenu hajambo?" nao wakamjibu, "Hajambo, Baba, maua tumempelekea."

Leo alfajiri, Alhamisi tarehe 11 Septemba 2025, baada ya kuswali, akiwa hana ugonjwa wowote tunaoujua zaidi ya magoti, aliomba wali wa nazi, akala vijiko viwili, akaweka kijiko chini, basi. Wachimbaji walipokwenda kufungua kaburi walikuta jiwe geni lenye jina la Bi Sukinem, aliyezikwa humo mwaka 2023. Ndugu zangu, nilidhani wamekosea mstari. Hawakukosea. Kibali cha kaburi hufanywa upya kila baada ya miaka mitatu, kisipofanywa kaburi hupewa maiti mwingine, na mwaka 2022 Marhamah alidhani amekifanya Saeful, Saeful akadhani Jumroh, Jumroh akadhani dada yake mkubwa, na maua pia yalipelekwa hivyo hivyo, kwa kudhani.

Bwana Sutarno, mtoto wa Bi Sukinem, yuko nasi, ameketi pale karibu na mlango, amekuja bila kuitwa mara mbili. Asubuhi alituambia, "Na huyo wa chini tumekuwa tukimmwagia maji na kumsomea dua. Tulidhani hana watu." Nami nawaambia wapwa zangu mbele ya mkutano huu kwamba neno hilo limenichoma kuliko msiba wenyewe. Bi Sukinem hajatimiza miaka mitatu humo, na kabla ya hapo kaburi halifunguliwi, na Haji Muhayar tunampeleka makaburi mapya, mwisho kabisa wa mji.

Desturi yetu hapa ni kuwauliza, je, marehemu alikuwa mtu mwema? Nimewasikia. Desturi pia ni kumwombea msamaha kwenu, nami namwombea, lakini leo watoto wake wamesimama nyuma yangu ili wao waombe msamaha kwake, na mtashuhudia kwamba hakuna anayeweza kuwajibu.

Tunamshukuru muuguzi jirani yetu aliyekuja mbio bila viatu, daktari wa zahanati, akina mama waliopika, wenzake wa genge la lami waliokuja na mikongojo yao, na kwa namna ya pekee familia ya Bi Sukinem.

Pumzika kwa amani, shemeji. Umepewa miaka mitatu, na safari hii kibali nakishika mimi.