Ubao Ulioachwa Ulie

Ifikapo tarehe thelathini mwezi huu, Fundi Kisigino ataweka randa chini baada ya miaka thelathini na miwili ya kukarabati sakafu za mbao majumbani mwa watu. Jina hilo tulimpa sisi wenzake, kwa kuwa hakuwahi kukagua sakafu akiwa na viatu. Alivivua mlangoni, soksi zake zenye matundu akazitia mfukoni, kisha akapita akibonyeza kila ubao kwa kisigino. Ubao uliolegea haukumponyoka.

Mikwaruzo aliipiga msasa, nyufa akaziziba kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao ileile, na mwenye nyumba akabaki akitafuta palipokuwa na kovu. Lakini kazi tunayomkumbukia zaidi ni ile aliyoifumua.

Ilikuwa nyumba ya ghorofa ya bibi mmoja asiyeona. Mwanawe alitaka sakafu ya juu inyamaze, hasa ubao mmoja kwenye ukingo wa ngazi uliokuwa ukilia kila ukikanyagwa. Fundi aliutia gundi, akaukaza kwa skrubu, ukatulia tuli. Tukashuka kukusanya vifaa, tukijisifu.

Ndipo tukasikia nyayo za bibi huko juu. Nyumbani kwake hakushika fimbo. Alitembea upesi, kama mtu anayejua aendako. Fundi akaacha kukunja turubai, akawa anasubiri ubao ulie. Haukulia. Nikamwona amebadilika uso: bibi aliijua ngazi kwa mlio ule, na sisi tumeuzima.

Kupiga kelele hakuthubutu. Mtu akishtuka huongeza hatua. Alipanda peku, vidato viwili viwili, mimi nikibaki chini. Bibi alikwisha kuinua mguu. Ulitua kwenye viganja vya fundi, naye akamwegemeza kwa bega mpaka akarudi nyuma.

Bibi aliuliza ni nani aliyemwibia ubao wake. Fundi alipiga magoti, akafungua skrubu, akakwangua gundi kabla haijakauka, kisha akakaa kidato cha juu kumkinga bibi akipita tena na tena, hadi ubao ulipolia. Mwana akafoka kwamba hakuita fundi aje kuharibu. Fundi akamwambia akasirike apendavyo, ubao huo utalia.

Husemwa ajali haina kinga. Bibi yule alikuwa nayo, na sisi ndio tulioifunga skrubu. Tangu siku hiyo, Fundi hakunyamazisha ubao bila kuuliza kila mtu wa nyumba kama anauhitaji. Tulimcheka alipowauliza hata watoto wa chekechea. Leo ndiyo sheria yetu.

Fundi, asante. Mlangoni mwa karakana pana ubao uliolegea; kila asubuhi unalia chini ya kisigino chako, nasi tunaacha porojo na kushika kazi. Bosi alitaka tuukaze kabla hujaondoka. Tukauliza kila mtu, kama ulivyotufundisha, na kila mtu anauhitaji. Tunakuombea ustaafu wenye afya na raha tele. Siku ukija kututembelea, usipige hodi. Kanyaga tu.